Fungu, Kundi au Kambi? Uhakiki wa Msamiati wa Nyota Changa Zilizomo Vumbini

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno machache ambayo Kiswahili hutumia, au kinaelekea kutumia, kinapozungumzia utafiti wa nyota changa zilizokusanyika ndani ya mawingu ya vumbi, utafiti ambao hufanywa kwa mwanga wa infraredi. Maneno yenyewe ni infraredi, vumbi, kufichwa, fungu na kifo. Hoja yetu ni kwamba mawili ya mwisho hukata shauri kabla ya darubini kuelekezwa angani: huamua jambo ambalo wanaastronomia wenyewe wamelibishania kwa muda mrefu. Mtafsiri asiyelitambua hilo humpa msomaji hukumu mahali pa kesi.

Tumeyapima maneno haya kwa sikio la Bisie, mahali pa machimbo ya bati katika wilaya ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Uchaguzi huu una sababu. Istilahi za sayansi za Kiswahili aghalabu hubuniwa na kujaribiwa Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, ambako lugha jirani ya elimu ni Kiingereza. Mashariki ya Kongo jirani huyo ni Kifaransa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa na Katiba ya mwaka 2006, nacho hutumika huku kufundishia madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi. Baada ya hapo mtoto huhamia Kifaransa, na nyota huhamia pamoja naye. Sababu ya pili ni kwamba maneno vumbi, kufukiwa, fungu na kambi yana kazi ya kila siku huko Bisie, na neno lenye kazi ya kila siku halikubali kwa urahisi kupewa kazi nyingine.

Anga ya Walikale si ngeni katika fasihi. Wanyanga, ambao utendi wao wa Mwindo ulichapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, wanamjua shujaa aliyechukuliwa juu na Nkuba, yaani Radi. Tena Bisie iko karibu nyuzi moja tu kusini mwa Ikweta, hata Jabari hupita karibu na utosi wa mtu, na Kilimia hupita juu sana upande wa kaskazini, siku ambazo mawingu na matawi ya miti yanaruhusu kuonekana. (Kwa darubini ya infraredi pangekuwa mahali pabaya kupita kiasi, maana mvuke wa maji hewani hunywa sehemu kubwa ya mwanga huo. Ndiyo sababu darubini hizo hupelekwa kwenye vilele vikavu kama Mauna Kea huko Hawaii, au hurushwa nje kabisa ya angahewa.)

Yafaa tukumbuke pia kwamba Kiswahili kimekwisha kuingia katika orodha za nyota mara moja, na kwa mlango wa heshima. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kupokea eksirei za angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru, na hadi leo vyanzo vilivyoorodheshwa nayo hubeba herufi U katika majina yao. Lakini lile lilikuwa jina la ubatizo. Jina la ubatizo halimlazimu mtu kuelewa chochote, istilahi humlazimu.

Mwanga upitao na mwanga utokao

Mwaka 1800 William Herschel alipitisha nuru ya jua katika prizimu, akaweka vipimajoto kwenye rangi zilizotokea, akakuta kwamba kipimajoto kilichokaa nje ya rangi nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote, kilipanda kuliko vingine. Mwanga huo usioonekana ndio ulioitwa kwa Kiingereza na Kifaransa kwa maneno yenye maana ya "chini ya nyekundu". Kiswahili cha vitabu kimepokea infraredi. Mwalimu wa Walikale, kwa upande wake, amesoma infrarouge, na akijaribu kulitamka kwa Kiswahili atapata neno ambalo mwenzake wa Morogoro hatalitambua. Hii ni kasoro ya kweli, ingawa si kubwa: neno moja la mkopo huweza kufundishwa kwa dakika moja. Hatuoni faida ya kubuni la tatu.

Kasoro kubwa imo katika tafsiri ionekanayo kuwa ya Kiswahili zaidi, yaani mionzi ya joto. Tafsiri hii huvutia kwa sababu inaeleweka papo hapo, na kwa sababu Herschel mwenyewe alianza na joto. Hata hivyo, katika utafiti tunaouzungumzia, huvuruga jambo la msingi. Infraredi ina sehemu mbili zenye kazi mbili tofauti. Ile ya karibu, yenye urefu wa wimbi wa mikromita 2 hivi, ni mwanga wa nyota zenyewe, na sifa yake ni kwamba hupita katika vumbi. Ile ya mbali, ya makumi ya mikromita hadi mia na kuzidi, aghalabu hutoka kwa vumbi lenyewe, lililopashwa moto na nyota zilizomo ndani yake. Kwa ya kwanza tunaliona lililo nyuma ya pazia. Kwa ya pili tunaliona pazia. Ukiyaita yote mawili joto, msomaji hatajua kamwe anaonyeshwa nini. Ni afadhali tuseme infraredi ya karibu na infraredi ya mbali, kama yanavyosema mataifa mengine.

Tofauti ya upitaji ni kubwa mno. Tuchukue wingu zito kiasi kwamba kati ya sehemu trilioni moja za mwanga uonekanao ni sehemu moja tu itokezayo upande wa pili. Katika wingu hilo hilo, mwanga wa mikromita 2.2 hutokeza takriban sehemu moja kati ya ishirini na kitu. Hapo ndipo ilipo siri yote ya utafiti huu. Mwaka 1967 Eric Becklin na Gerry Neugebauer walikuta, katika wingu la Jabari, chanzo chenye kung'aa sana kwa infraredi ambacho hakionekani kabisa kwa jicho. Mwaka 1973 Grasdalen na wenzake wawili walichapisha ramani ya mikromita 2 ya wingu jeusi la Ophiuchus, wakafichua mkusanyiko mzima wa nyota ambao hakuna picha ya kawaida iliyowahi kuuonyesha. Kamera za infraredi zilipoingia mikononi mwa wanaastronomia katika miaka ya 1980, kazi ya kuhesabu ikaanza kwa dhati. Wengi wa wasomaji wetu pengine wameiona picha ya Ophiuchus iliyotolewa Julai 2023 kutoka darubini ya James Webb: nyota changa hamsini hivi, umbali wa miaka nuru takriban 390.

Vumbi lisilotua

Vumbi, kwa mtu wa Walikale, ni kitu cha barabara ya kiangazi, na cha mawe yanayopondwa. Huinuka, hutua, hufagiliwa, hukohozwa. Lile la angani halifanani nalo. Punje zake ni za silikati na kaboni, nyingi zikiwa na upana wa sehemu ya kumi ya mikromita, ndogo kiasi kwamba moshi ungekuwa jina la karibu zaidi. Kila aliyelitazama jua kupitia moshi wa mashamba yanayochomwa amekwisha kupata somo la kwanza la utafiti huu: jua huwa jekundu, kwa kuwa mawimbi mafupi hutawanywa na yale marefu hupita. Mwanaastronomia hufanya hivyo hivyo. Hupima nyota imetiwa wekundu kiasi gani, na kutokana na wekundu huo hukadiria unene wa wingu lililo mbele yake.

Je, tuliache vumbi tuseme moshi? Hapana. Neno limekwisha kuenea katika lugha zote za sayansi, na kulibadili katika Kiswahili peke yake kungeleta usumbufu usio na malipo. Tunachotaka ni kwamba mwalimu aanzie penye moshi, kisha ndipo alitaje vumbi. Na tunataka jambo moja zaidi lisisahauliwe. Kwa uzito, vumbi ni takriban sehemu moja tu ya mia ya wingu. Sehemu tisini na tisa ni gesi, hasa hidrojeni. Tunaposema wingu la vumbi tunaliita wingu kwa ile sehemu inayotuzuia kuona. Ni desturi ya mtazamaji kukipa kitu jina la usumbufu wake. Lakini gesi hiyo isiyotajwa ndiyo inayozishika nyota pamoja, na msomaji ambaye hajaisikia hataelewa kwa nini zinatawanyika baadaye.

Kufichwa, kufukiwa, kufumbatwa

Nyota hizo zimo ndani ya wingu. Tuseme zimefanywaje? Zilizofichwa ndilo neno la kwanza lijalo mdomoni, na udhaifu wake ni kwamba kitenzi cha kutendwa huuliza mtendaji: zimefichwa na nani, zisionwe na nani? Kifaransa husema amas enfoui, na mwalimu wa Kongo atakayeitafsiri kwa uaminifu atapata lundo lililofukiwa. Hapa hatuna budi kusimama. Katika machimbo, kufukiwa kuna maana moja tu ya kwanza: shimo limeporomoka na watu wamo ndani. Hakuna mwanafunzi wa Bisie atakayelisikia neno hilo bila kuuliza kama wametolewa. Zaidi ya hayo, kitu kilichofukiwa kilikuwa nje kwanza, kisha kikafunikwa. Nyota hazikuwahi kuwa nje. Zimeumbika kutokana na wingu lenyewe, penye msongamano mkubwa zaidi wa gesi, na kilichozizunguka ni mabaki ya kile kilichozizaa.

Kiswahili kina kitenzi kinachobeba mambo yote mawili kwa pamoja, nacho ni kufumbata. Mtu hufumbata kitu kiganjani au mikononi: kitu hakionekani, na wakati huo huo kimeshikwa. Hivyo ndivyo lilivyo wingu kwa nyota zake. Huzifunika kwa vumbi lake na huzishika kwa uzito wa gesi yake. Kwa maoni yetu, nyota zilizofumbatwa ni tafsiri bora kuliko Kiingereza na kuliko Kifaransa, kwa kuwa Kiingereza husema tu kwamba zimekitwa ndani ya kitu, na Kifaransa husema zimefukiwa. Hakuna kati yake inayodokeza kwamba mkono ukifunguka jambo litatokea.

Mafungu ya sokoni

Tufike sasa kwenye fungu. Katika maandishi ya Kiswahili ya miaka hii ya karibuni kumetokea mgawanyo mzuri: kundinyota kwa zile nyota ambazo jicho la binadamu limeziunganisha kuwa picha, kama Jabari, na fungunyota kwa nyota ambazo kweli ziko pamoja angani, kama Kilimia. Mgawanyo huu unastahili sifa. Nyota za kundi huweza kuwa na umbali tofauti kabisa kutoka kwetu na zisiwe na uhusiano wowote. Nyota za fungu zilizaliwa pamoja na husafiri pamoja. Kilimia ina nyota zaidi ya elfu moja, ingawa jicho huona sita au saba, na umri wake ni zaidi kidogo ya miaka milioni mia moja. Jina lake latokana na kulima, kwa sababu kuonekana kwake kulihusishwa na majira ya kilimo, na Jan Knappert aliliweka, pamoja na mengine mengi, katika makala yake ya mwaka 1993 kuhusu majina ya Kiswahili ya nyota.

Taabu huanza tunapolichukua neno fungu na kulivisha nyota zilizofumbatwa. Sikio la Mswahili husikia ndani yake kitenzi funga: fungu ni kile kilichofungwa pamoja. Kwa Kilimia sawa, kwa kuwa imethibitika kwamba nyota zake zinashikana kwa mvutano wao wenyewe. Lakini kama nyota changa zilizomo katika wingu zimefungana hivyo ndilo swali lenyewe la utafiti. Je, zinashikana zenyewe, au zinashikwa tu na gesi? Neno limejibu kabla ya kipimo.

Lakini fungu lina maana nyingine, nayo yafaa kutufikirisha zaidi. Sokoni nyanya huuzwa kwa fungu. Hakuna kinachozifunga nyanya nne zilizopangwa juu ya gunia. Ni mkono wa muuzaji uliokata kauli kwamba hizi nne ni pamoja na zile nne ni pamoja. Kesho bei ikipanda, fungu litakuwa la nyanya tatu. Na sasa tuutazame ufafanuzi uliotawala uwanja huu tangu mwaka 2003, wakati Charles Lada na Elizabeth Lada walipochapisha muhtasari wao mkubwa wa somo hili. Kwao, fungu ni nyota 35 au zaidi zenye uhusiano wa kimaumbile, ambazo msongamano wake unazidi uzito wa jua moja katika mchemraba wenye upande wa miaka nuru 3.26. Kwa nini 35? Kwa sababu, kwa hesabu yao, mkusanyiko wa nyota chache kuliko hizo, hata ukiachwa peke yake, ungeyeyuka kabla ya kufikisha miaka milioni mia moja. Ni sababu nzuri. Hata hivyo ni mkono wa muuzaji.

Hatusemi hivi kwa dharau. Mwaka 2010 Eli Bressert na wenzake, wakitumia vipimo vya darubini ya Spitzer, walichunguza jinsi nyota changa za ujirani wa jua zilivyosambaa, wakaona kwamba msongamano wao hubadilika polepole, bila ufa unaotenganisha zilizo katika mafungu na zilizo peke yake. Ukichagua kipimo kimoja, utasema asilimia 40 ya nyota huzaliwa katika mafungu; ukichagua kingine, asilimia 90. Kwa ibara nyingine, sehemu kubwa ya ubishi ilikuwa ubishi wa maana ya neno. Mwanaisimu anaposoma hayo anajisikia yuko nyumbani.

Kufa na kuvunja kambi

Lada na Lada waligundua jambo la kushangaza. Katika ujirani wetu wa galaksi, kasi ya kuzaliwa kwa mikusanyiko iliyofumbatwa huzidi mara kumi au zaidi ile ya mafungu yaonekanayo wazi. Basi mingi hupotea njiani. Walikadiria kwamba chini ya asilimia 4 hadi 7 ndiyo hutoka katika wingu na kuishi hadi umri wa Kilimia ikiwa bado imeshikana. Hali hiyo waliiita kwa Kiingereza kwa jina la kitabibu ambalo tafsiri yake ni vifo vya watoto wachanga.

Twafahamu mwandishi wa sayansi anavyolipenda fumbo la namna hiyo. Mawingu ni vitanda vya watoto, nyota ni wachanga, na wachanga wengi hufa. Yeyote atakayelitafsiri neno kwa neno atakuwa na msamiati tayari, kwa kuwa vifo vya watoto wachanga ni ibara ya kila ripoti ya afya. Hilo ndilo tatizo lake la kwanza: huko Walikale ibara hiyo haina nafasi ya kuwa fumbo. Kuna akina mama wanaoisikia bila sitiari yoyote, na mwanafunzi ambaye nyumbani kwao kuna kaburi dogo hatalisikiliza somo la nyota baada yake.

Tatizo la pili ni la kisayansi, na lingetosha peke yake. Hakuna nyota inayokufa. Kinachokoma ni mkusanyiko. Nyota zenyewe hutawanyika na kuendelea kuishi mamilioni au mabilioni ya miaka, kila moja kwa njia yake. Sababu ya kutawanyika hueleweka tukikumbuka ile gesi isiyotajwa. Kati ya sehemu mia za uzito wa wingu na nyota zake, nyota ni kumi hadi thelathini tu. Nyingine zote ni gesi. Nyota kubwa zikishawaka, mnururisho na pepo zake huifukuza gesi, na katika muda usiozidi miaka milioni tano kazi hiyo huwa imekwisha. Mshikaji ameondoka, nyota zilikuwa zikienda kasi iliyolingana na uzito wa wote, na uzito uliobaki hauwezi kuzizuia. Mwaka 2019 Michael Kuhn na wenzake, kwa vipimo vya setilaiti ya Gaia, walichunguza mikusanyiko 28 ya nyota changa wakakuta angalau robo tatu yake inapanuka.

Historia ya Bisie inatufaa hapa, mradi tusiitumie kwa pupa. Mnamo mwaka 2002 hivi wachimbaji wadogo walianza kuchimba kasiterite, jiwe la bati, katika kilima kilichozungukwa na msitu. Hapakuwa na njia ya gari. Watu waliiacha barabara huko Njingala wakatembea msituni, na mizigo ya kilo 50 ilitoka kwa migongo ya watu. Katika miaka michache maelfu walikuwa wamekusanyika: wachimbaji, wachukuzi, wachuuzi, wanawake wapikao na wapondao mawe, askari wa brigedi ya 85 waliotoza ushuru. Kilichowaweka pamoja hakikuwa ukoo wala shamba. Kilikuwa bati lililomo kilimani. Septemba 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, marufuku iliyodumu hadi Machi 2011, na wengi wakatawanyika, wengine kwenda machimbo mengine, wengine mashambani, wengine mijini. Baadaye mgodi wa kisasa ulijengwa Mpama Kaskazini, ukaanza kuzalisha mwaka 2019; nao ulisimamishwa kwa wiki chache kuanzia Machi 2025, vita vilipoukaribia mji wa Walikale, ukaanza tena Aprili.

Mahali pa namna hii Kiswahili hupaita kambi, wala hakipaiti kijiji. Kijiji kinatarajiwa kudumu. Kambi ina sababu, na sababu ikiondoka watu huvunja kambi. Kuvunja kambi si kufa. Waliovunja kambi ya Bisie wengine walikufa, ndani ya mashimo na nje yake, lakini kutawanyika kwao kulikuwa jambo jingine, na lugha yetu huyatenga mambo hayo mawili bila taabu. Tunapendekeza basi kwamba mkusanyiko wa nyota zilizofumbatwa uitwe kambi ya nyota, na kwamba mahali pa vifo vya watoto wachanga tuseme nyota zimevunja kambi. Jina fungunyota liwekewe mikusanyiko ambayo imekwisha kuthibitika kuwa imefungana yenyewe. Mlinganisho na Bisie una mpaka wake: angani nyota zenyewe, zile kubwa, ndizo zinazofukuza kile kilichozishika, mwaka 2010 amri ilitoka Kinshasa.

Mapingamizi yapo. La kwanza ni kwamba kambi, kwa watu wa Kivu, ni pia kambi ya askari na kambi ya wakimbizi, na kwamba tumekataa neno moja lenye machungu ili tulete jingine. Tumelifikiria sana hili. Tofauti tuionayo ni kwamba machungu ya kambi yanatokana na maana ile ile tunayoihitaji, yaani kukaa pamoja bila kuahidiwa kudumu, ilhali machungu ya vifo vya watoto wachanga yanaletwa na maana ambayo katika somo hili ni ya uongo. Pingamizi la pili hutoka pwani, ambako neno kambi halina uzito huo na laweza kuonekana la kijeshi mno. Kwa wenzetu wa huko liko dago, makao ya muda ya wavuvi wanaofuata samaki, na tungelikubali kwa furaha kama lingejulikana bara. Halijulikani. La tatu ni la wale wapendao maneno ya kuunganisha, watakaotaka kambinyota ili lilingane na fungunyota na kundinyota. Sisi tungeliacha neno likiwa wazi, kwa kuwa kiunganishi huruhusu kuingiza sifa: kambi ya nyota iliyofumbatwa, kambi ya nyota iliyovunjwa. Fungunyota, kwa maana yake, linastahili kuandikwa kama lililofungwa.

Itakuwepo pia mikusanyiko ambayo mtafiti hawezi bado kuipa jina lolote kati ya haya mawili, kwa mfano ile iliyokwisha kupoteza gesi yake lakini haijapimwa mwendo wake. Kwa hiyo mkusanyiko wa nyota, neno lisilo na dai lolote, litabaki na kazi. Vidahizo vingeweza kusomeka hivi:

kambi ya nyota: nyota changa zilizofumbatwa na wingu la gesi na vumbi lililozizaa, ambazo kufungana kwake kwa mvutano wake zenyewe hakujathibitika, huonekana hasa kwa infraredi ya karibu, k.m. ile iliyomo katika wingu la Ophiuchus. Taz. fungunyota.

fungunyota: nyota zilizozaliwa pamoja ambazo zimebaki zimefungana kwa mvutano wake zenyewe baada ya gesi kuondoka, k.m. Kilimia. Linganisha kundinyota.